Masanja Azikwe na Watani Wake: Miaka Yangu kwenye Kundi la Zamu, Kilosa

Vijana wa Kundi, mmeniagiza niandike, nami nimeandika. Darasa langu ni la nne, kwa hiyo mkisoma msitafute nukta na mkato, tafuteni maneno. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikupewa, na mshahara hauna hadithi. Nitasema kazi. Nitasema pia majina ya watu walioiharibu kazi, maana kwenye sherehe ya kuniaga nilisikia wanasifiwa, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakula.

Tulioanza tulikuwa tisa. Tumebaki wawili, na mwenzangu kiharusi kimemchukua ulimi, kwa hiyo msemaji ni mimi. Ninyi mmelikuta kundi hapa Kilosa, kwenye ghala hili karibu na stesheni, mnadhani lilikuwapo tu kama mlima. Halikuwapo tu. Kuna siku moja kule Mikumi ilibaki kidogo lifutwe, sisi turudi mkongeni kila mtu na panga lake. Siku hiyo ndiyo nataka muijue. Lakini siwezi kuanza nayo, hamtaielewa bila jeneza.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akanizalia hapa, nami nikaurithi mkonge kama wengine wanavyorithi kipara. Uhuru ulinikuta nakata. Azimio la Arusha likanikuta nakata. Ndipo siku moja akaja kambini mwanamke mwembamba, amevaa viatu vya kiume, akasema anaitwa Mwalimu Stella, ametoka Chuo Kikuu, na Chuo kinataka kuwa na kundi la maigizo huku mashambani, siyo kule kwao tu. Anatafuta watu wanaojua kuigiza. Wenzangu wakajitokeza, mmoja akacheka kama nyapara, mwingine akalia kama mjane. Mimi nilikuwa nimebeba benchi alilokalia. Akaniuliza, "Na wewe, kaka, unajua nini?"

Nikasema, "Najua kubeba."

Akaandika jina langu. Ramadhani Kapela, kubeba. Mpaka leo sijui kazi nyingine iliyonieleza vizuri hivyo.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Chuo kilitupa michezo sita. Hatukucheza mmoja mwezi mzima kama wanavyofanya mjini. Tulikuwa nayo yote sita tayari, siku zote, ndiyo maana ya zamu. Lori likifika kijijini mchana, Mwalimu Stella anakwenda kwa wazee na viongozi wa kijiji, anawaeleza michezo yote sita, wao wanachagua mmoja. Wakishachagua, sisi tuna muda wa watu kutoka shambani, kuoga na kuja. Ikifika saa kumi unatakiwa uwe umesimamisha nyumba, shamba, au ofisi ya bwana shauri, kutegemea wamechagua nini. Umeme hatukuwa nao, jua ndilo lilikuwa taa yetu, na jua halingoji mtu aliyesahau kofia ya mkoloni hapa Kilosa.

Aliyenifundisha ni Fundi Mkude, seremala wa reli aliyestaafu. Alitengeneza masanduku sita, kila mchezo na sanduku lake, kila sanduku limepigwa rangi yake kwa watu wa darasa langu. Siku ya kwanza nilipanga sanduku la mchezo wa pili vizuri kabisa, vitu vizito chini, vyepesi juu. Akaja, akalipindua lote chini.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Mchezo unaanza na nini?"

"Na jembe."

"Jembe umeliweka wapi?"

"Chini. Ni zito."

"Basi waambie watu wa Masanze wasubiri mpaka umalize kutoa khanga za sehemu ya tatu." Akaketi juu ya mbao zake. "Kitakachotoka kwanza kinaingia mwisho. Uzito ni shida ya mgongo wako, siyo ya mchezo."

Mgongo wangu umelikumbuka somo hilo kuliko mimi. Ndio ulionistaafisha.

Kazi yangu ya pili ilikuja yenyewe. Nilikuwa nashona turubai huku wenzangu wanafanya mazoezi, na kwa kusikia kila siku nikajikuta nina michezo yote sita kichwani, ya wanaume na ya wanawake. Siku mwigizaji mmoja aliposahau maneno yake katikati ya onyesho, nilimnong'oneza kutoka nyuma ya pazia bila kufikiri. Tangu hapo nikawa mnong'onezaji. Kitabu cha michezo nilipewa, nikakishika. Kilikuwa kizuri kwa kufukuza nzi.

Sasa jeneza. Mchezo wa nne ulikuwa wa Masanja, mkata mkonge anayekufa katika kijiji cha ujamaa. Kwao hakujulikani, ndugu hana, na wanakijiji wanabishana nani mwenye haki ya kumzika. Mwisho wanakubaliana kwamba kijiji ndicho ndugu yake, wanabeba jeneza, wanapita mbele ya watu, mchezo umekwisha. Maiti ilikuwa mgomba. Andikeni hili: mgomba ukatwe siku ileile, wenye urefu wa mtu, ukiwa na maji yake. Ukitumia mkavu, wabebaji wanatembea kama wamebeba mkeka, na hakuna mtu analilia mkeka. Mbichi unawatia uzito mabegani, na nyuso zao zinafanya kazi zenyewe. Mikumi, mgomba usiachwe nje. Tembo wamekwisha kula Masanja wetu wawili.

Mara ya kwanza kuucheza ilikuwa Masanze. Waigizaji wakaweka jeneza begani, sanda nyeupe, wakaanza kupita. Kiongozi wa wabebaji alikuwa Hamza Lwambo, mwigizaji wetu mkubwa, sauti kama filimbi ya treni. Mara mama mmoja akatoka kwenye watu, amejifunga khanga kiunoni, akalala chali njiani mbele ya miguu ya Hamza.

"Weka chini!" akasema. "Mnampeleka wapi Mnyamwezi huyu bila ruhusa yangu?"

Alikuwa Bi. Mwanahawa, Mzaramo aliyeolewa pale Masanze. Ninyi mnajua, lakini nitaandika kwa atakayesoma baadaye: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtu haendi kaburini mpaka watani wake wamemsimamisha njiani, wamemtukana, wamemwiga alivyokuwa anatembea, na wenye msiba wamejibu. Bi. Mwanahawa alikuwa amesikia tangu mwanzo wa mchezo kwamba marehemu ni Masanja, jina la Kinyamwezi. Kwake ulikuwa msiba, na yeye alikuwa na wajibu. Kama ni wa kuigiza au wa kweli, hilo lilikuwa shauri letu.

Hamza akasimama, jeneza wakalitua. Kitabu hakina mama anayelala njiani. Akanitupia jicho pembeni nimnong'oneze. Nimnong'oneze nini?

Bi. Mwanahawa akainuka, akafunua sanda, akabonyeza. "Loo! Maiti gani ina utomvu? Nilijua tu! Wanyamwezi mmekula mpaka mmekuwa ndizi!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hamza bado ananitazama. Mchezo ulikuwa unakufa mikononi mwetu. Basi mimi niliyeandikwa kubeba nikatoka nyuma ya pazia na sindano ya turubai mkononi, nikasema, "Wewe Mzaramo, ondoa mikono. Huyu amekufa kwa kazi. Ninyi kwenu kifo hicho hakijawahi kumpata mtu."

"Kazi gani? Kumbebea babu yangu mizigo mpaka shingo ikaingia tumboni?"

"Babu yako alibebwa yeye mwenyewe, maana alisikia ngoma njiani akakataa kutembea."

Tukaendelea hivyo, wanawake wengine wawili wakaingia, mmoja akamwiga Masanja anavyokata mkonge huku anasinzia. Nikawalipa kwa kibuyu cha togwa kilichokuwa kwenye sanduku la mchezo wa tano. Bi. Mwanahawa akapokea, akapanguza kicheko usoni kama jasho, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Haya. Mchukueni. Alikuwa na watu huyu." Akashika mguu wa jeneza, akabeba pamoja nasi.

Vijana, nilikuwa nimeubeba mgomba ule mazoezini mara nyingi na sikuwahi kuona mtu analia. Siku ile Masanze walilia, na waliokuwa wanacheka ndio waliolia zaidi.

Kwenye lori Mwalimu Stella alifungua kitabu, akakisoma mpaka tulipofika reli. Kisha akasema, "Kitabu kimekosea. Tangu leo, pale jeneza linapopita tunaacha nafasi. Watani wasipokuja tunapita. Wakija, Ramadhani unatoka." Ikawa hivyo kila kijiji, Chanzuru, Mabwerebwere, kote. Palipokuwa hakuna Wazaramo, walijitokeza wengine wenye utani na Wanyamwezi, na ndugu zangu, hakuna mahali Mnyamwezi alikosa mtani, babu zetu walipita kila njia. Wafugaji peke yao hawakuvutiwa. Wao walisimama nyuma na fimbo zao wakitaka mchezo wa tatu, wenye ng'ombe, japokuwa ng'ombe wetu alikuwa watu wawili ndani ya gunia. Walituambia ana mapaja mabaya. Tulirekebisha mapaja.

Misimu mitatu tulicheza hivyo. Kisha Mwalimu Stella akapelekwa masomoni ng'ambo, na akaja Evarist Nguluma. Namtaja jina lote. Alifika na vitabu katika sanduku lililokuwa zuri kuliko yetu, na baada ya kuona mchezo wa nne mara moja alituita ghalani.

"Nani aliyeruhusu wanawake wa kijijini kupanda jukwaani?"

Nilikuwa bado nafungua mdomo. Hamza Lwambo akawahi. "Ni Ramadhani, Ndugu Mkurugenzi. Mtunza vifaa. Anapenda kutoka." Hamza, ndiwe mwenzangu uliyebaki, na najua utasomewa hii. Ulichukia kwa sababu watu walikuwa wanaondoka wanaiga maneno ya watani, siyo yako. Ungekuja kuniambia ningekuachia hata sehemu ya togwa.

Evarist akasema, "Mchezo ni kazi ya sanaa. Una mwandishi. Kitabu kifuatwe neno kwa neno."

Nikasema, "Ndugu Evarist, yule anazikwa. Mtu hazikwi bila watani."

"Ni mgomba, Ndugu Kapela."

"Ndiyo maana anawahitaji zaidi."

Wakacheka, naye hakucheka. Kuanzia siku ile sikuruhusiwa kuvuka pazia, na mchezo wa nne hatukuucheza tena mpaka Mikumi.

Hapo ndipo Chuo kikatuma habari kwamba kinaangalia matawi yake ya shambani. Kamati ya watu watatu itakuja Mikumi, itaangalia onyesho moja, kisha itasema: kundi libaki Kilosa, au lifungwe na vifaa vihamishiwe Chuoni. Vifaa, mmesikia. Watu hatukutajwa. Kati yetu mmoja alikuwa na watoto sita. Mwingine, Mwanaidi, alikuwa amemwacha mume aliyemkataza kuigiza, na hakuwa na pa kurudi. Mimi nilikuwa na mgongo usioweza tena kuinama kwenye mkonge. Evarist yeye alikuwa na pa kurudi. Likifungwa, alikuwa anarudi Dar. Sisemi kwamba alitaka lifungwe. Nasema tu kwamba hakulala njaa akiliwaza.

Mikumi wakachagua mchezo wa nne, maana sifa zake zilikwisha kutangulia. Evarist akamwomba kiongozi wa mgambo wazungushe kamba kati ya watu na uwanja wetu. Kamba nilifunga mimi, kwa amri. Wanakamati wakapewa viti: mabwana wawili wenye kalamu na mama mmoja mnene mwenye miwani, mwenyekiti wao. Watu walijaa kutoka barabarani, matingo wa malori, wauza vyakula, wakulima, wafugaji nyuma kabisa.

Mchezo ulikwenda. Masanja akafa. Wakabishana vizuri. Wakainua jeneza, wakaanza kupita, na walipofika pale pa kusimamishwa, wakasimama.

Hakuna aliyewasimamisha. Walisimama wenyewe. Misimu mitatu, vijiji vyote vile, miguu yao ilikuwa imejifunza kwamba hapa ndipo mama analala njiani. Hamza, mtu wa kitabu, alisimama wa kwanza. Na maneno ya kitabu ya kuendelea mbele hakuna aliyeyakumbuka, maana tangu Masanze hatukuwahi kuyatumia.

Nikanong'oneza: "Songeni, tumzike mwenzetu." Hakusonga mtu. Nikanong'oneza tena, kwa nguvu hata mwenyekiti wa kamati akageuka. Mgomba ulikuwa umembonyeza Hamza, maji yanamchuruzika shingoni. Mmoja wa mabwana wa kamati akaandika kitu. Akapiga mstari chini yake.

Nyuma ya kamba mama muuza wali alikuwa anasukumana na mgambo.

"Niache nipite! Mnamfanya nini mtani wangu? Mnamsimamisha juani kama gunia la mkaa?"

"Mama, rudi nyuma. Ni mchezo."

"Mchezo! Kwa hiyo wewe ukifa nicheze?"

Evarist alikuwa amesimama upande wa pili, ananiangalia. Alikunja ngumi, akatikisa kichwa: usithubutu. Nilikielewa kichwa kile vizuri. Nikitoka, kazi imekwisha. Nisipotoka, imekwisha kwa wote. Sikuwa shujaa. Nilipiga hesabu fupi, ya darasa la nne.

Nikaweka kitabu chini, nikatoka, nikapita mbele ya kamati, nikaenda kwenye nguzo nikafungua fundo langu. Ni fundo la mkongeni, ukivuta mkia wake linaachia lote. Kamba ikaanguka. Mama muuza wali akaingia na mwiko wake, na nyuma yake wengine wanne, na wabebaji wakalitua jeneza.

"Nani mwenye maiti hii?"

"Mimi," nikasema.

"Unampeleka wapi bila kula? Huyu nilimpikia wali jana, ameondoka na sahani yangu!" Akampiga Masanja mwiko. Kisha akampiga Hamza. "Na wewe mrefu, unalia nini? Umeolewa naye?"

Na Hamza, lazima niseme haki, akaamka. Akajibu. Akajibu vizuri kuliko mimi, kwa ile sauti yake, mpaka matingo walipanda juu ya malori ili waone. Mama akatukana, akaiga, akadai sahani, akapewa kibuyu, akanywa. Halafu akainamisha kichwa, akamfunika vizuri kwa sanda, akasema, "Basi, baba. Nenda." Wakabeba, na watu wakafuata nyuma ya jeneza mpaka nyuma ya lori, ambako hatukuwa tumepanga msafara ufike, ikabidi tumzike kweli. Yule Masanja yuko Mikumi mpaka leo. Huenda amechipua.

Evarist alikuja mbio kwa mwenyekiti. "Naomba radhi, mama. Huyu ni mtunza vifaa. Nitamchukulia hatua."

Yule mama alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la kitenge. Akaniita. "Nani alikuambia ufungue kamba?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Hakuna, mama. Maiti ilikuwa imesimama njiani. Anayeweza kuipitisha ni mtani peke yake, na watani tulikuwa tumewafungia nje."

Akavaa miwani, akaniangalia sana, akamwambia Evarist, "Hilo andika." Evarist akaandika. Baadaye niliambiwa aliandika kurasa nyingi, akazisoma kwenye mikutano, kwamba ni njia mpya aliyoibuni yeye kwa kushirikisha wananchi. Bi. Mwanahawa wa Masanze hakutajwa. Mwalimu Stella hakutajwa. Ninyi mliofundishwa njia hiyo darasani kwa jina la Evarist Nguluma, leo mjue ilibuniwa na mwanamke aliyelala njiani.

Siku ishirini tulingoja, Evarist akiwa Dar. Kisha kwa treni ya Dar zikaja bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kundi, ya pili ilikuwa na jina langu, na zote nilikabidhiwa mimi stesheni kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuchukua misumari. Nilipofika ghalani wenzangu wote wanane walikuwa wamesimama mlangoni, Hamza naye, Mwanaidi ameshika mdomo.

Nilisoma ya kwanza kwa sauti, polepole, kidole chini ya maneno. Ilisema kundi libaki Kilosa na liendelee na kazi zake kama lilivyo. Mwanaidi alikaa chini palepale mlangoni. Hamza akanikumbatia, na sikumzuia.

Ya pili niliisoma kimya. Ilisema naonywa kwa kuacha kituo changu cha kazi na kuvunja amri ya mkuu wangu, na nikirudia, nitaachishwa bila barua nyingine. Chini ilikuwa saini ya Evarist Nguluma.

"Na hiyo nyingine, kaka Rama," Mwanaidi akauliza, "inasemaje?"

Nikaikunja. Nikamwambia, "Inasema hivyohivyo."